Nilifuata ushauri, nikakuta maswali

"Sasa nifanye nini?" Hilo ndilo swali nililoingia nalo siku ya kwanza, na ndilo nililotoka nalo siku hiyo, na wiki iliyofuata, na ile ya baada yake. Nilikwenda kama mtu anayepeleka redio kwa fundi: unamweleza inakoroma wapi, anaifungua, anaifunga, unaondoka nayo inaimba. Mwanamke aliyekaa mbele yangu, mshauri nasaha, mtu wa makamo ambaye baadaye nilizoea kumwita mama, alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, unaposema maisha yako yameharibika, ni saa ngapi ya siku unalisikia hilo kwa nguvu kuliko saa nyingine?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mgonjwa kwa miezi tisa na sikuwahi kujiuliza ni saa ngapi.

Siku hizi rafiki zangu wawili wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: unakwenda, unaongea, unarudi, halafu? Kuongea kunatibuje? Wanauliza kwa nia njema, na mmoja wao nadhani anauliza kwa ajili yake mwenyewe. Nilichowajibu kwenye simu kilikuwa kifupi na hakikutosha. Hapa najaribu tena.

Nianze na ugonjwa wenyewe, sonona (kwa Kiingereza depression), kwa sababu sonona si huzuni. Huzuni niliijua kabla ya hapo. Huwa na sababu, huwa na machozi, na baada ya machozi mtu hupata pumzi. Hii haikuwa na machozi. Nilikuwa nasoma mstari mmoja mara sita, na nikifika mwisho wake mwanzo umeshanitoka. Niliamka saa tisa usiku macho makavu, na usingizi haukurudi tena. Kuoga kuligawanyika vipande vipande: kuinuka, kutafuta taulo, kufungua maji, kila kipande kikidai uamuzi wake. Mambo niliyoyapenda hayakuanza kunichukiza. Yalinyamaza tu.

Mama yule alinipa dodoso la maswali tisa, linalojulikana kwa jina la PHQ-9, ambalo hutumika katika nchi nyingi. Kila swali linahusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haiwezi kuzidi 27. Nilipata 21. Kuanzia 20 huhesabiwa kuwa sonona kali. Niliitazama namba ile na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikahisi ahueni kidogo, kwa sababu mpaka siku hiyo jambo lile lilikuwa na jina moja tu, nalo nilikuwa nimelitunga mwenyewe: uvivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa wanaishi na sonona. Hawawezi wote kuwa wavivu.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu lugha yetu, kwa maana naamini ndiyo iliyonipoteza mwanzoni. Tunaita huduma hii ushauri nasaha. Tazama maneno hayo mawili. Ushauri ni kuambiwa la kufanya. Nasaha ni kuonywa na kuelekezwa na anayejua zaidi. Mtu akisikia jina hilo anatarajia kukaa chini aelezwe. Na wapo wanaoitoa huduma hiyo hivyohivyo, kwa kuwa na wao wameliamini jina.

Wa kwanza niliyekwenda kwake, miezi minne kabla ya huyu mama, alikuwa wa namna hiyo. Simtaji, na sina kinyongo naye tena, lakini nitaeleza kilichotokea kwa sababu najua hakikunitokea mimi peke yangu. Nilizungumza kwa dakika kumi hivi. Zilizobaki alizungumza yeye. Alinihesabia neema nilizonazo. Alinieleza kuhusu watu waliopitia makubwa kuliko yangu wakasimama. Alinisihi nipige moyo konde, nijichanganye na watu, niache kufikiri sana. Kila alilosema lilikuwa la kweli na halikunifaa, kwa sababu lote nilikuwa nimeshajiambia, usiku baada ya usiku, na kila nilipojiambia nikashindwa niliongeza kosa jingine kwenye orodha ya makosa yangu. Nilitoka pale na hukumu mpya: hata kutibiwa nimeshindwa. Miezi minne ikapita kabla dada yangu hajanishika mkono na kusema, "Mdogo wangu, twende kwa mwingine. Hata viatu mtu hujaribu zaidi ya jozi moja."

Kwa hiyo siku hizi nasema tiba ya mazungumzo. Mazungumzo ni ya watu wawili.

Wazo kwamba maneno yanaweza kutibu lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Vienna, daktari Josef Breuer alimhudumia mwanamke kijana ambaye vitabu vinamwita Anna O.; ni mwanamke huyo, mgonjwa mwenyewe, aliyeyapa mazungumzo yao jina la tiba ya kuongea. Breuer na daktari mwenzake Sigmund Freud walichapisha kisa chake mwaka 1895. Nilifurahi kujua kwamba jina halikutoka kwa daktari.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Aaron Beck. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, Marekani, na alikuwa amesomea njia ya Freud, ambayo ilifundisha kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuza ikamwelekea yeye mwenyewe. Beck alitaka kulithibitisha hilo kwa utafiti, akaanza kuchunguza ndoto za wagonjwa wake akitarajia kukuta hasira. Hakuikuta. Alikuta watu ambao hata ndotoni wanapoteza, wanakataliwa, wanafika wamechelewa. Kama ndoto zilikuwa zinasema jambo lilelile wagonjwa wanalosema mchana, kwamba mimi ni wa kushindwa, basi labda kilichohitaji kushughulikiwa kilikuwa wazi juu ya meza, hakikufichwa popote.

Kuna kisa chake kimoja ambacho mama yule alinisimulia, nami nimekishika mpaka leo. Mgonjwa mmoja alikuwa akimweleza Beck mambo ya faragha ya maisha yake, na kila alivyozidi kuongea ndivyo wasiwasi ulivyozidi kumpanda. Kwa alivyofundishwa, Beck alidhani wasiwasi unatokana na mambo yale ya faragha. Alipomuuliza, mgonjwa akajibu kwamba muda wote aliokuwa akizungumza, wazo moja lilikuwa likimpitia pembeni: namchosha daktari huyu.

Nilipolisikia hilo niliinama. Na mimi nilikuwa nikiwaza hivyo wakati uleule, pale pale kwenye kiti.

Mawazo ya namna hiyo Beck aliyaita mawazo yanayojitokeza yenyewe. Hayaitwi, hayaombi ruhusa, yanapita upesi, na mwenye sonona huyapokea kama habari za uhakika. Yana mwelekeo wa aina tatu: kunihusu mimi (sifai), kuuhusu ulimwengu (hakuna anayenitaka), na kuhusu kesho (haitabadilika). Kutokana na kazi hiyo ya miaka ya 1960 ilizaliwa tiba ambayo leo huitwa tiba ya utambuzi na tabia. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100.

Sasa niseme jinsi inavyofanyika kwa kweli, maana hapa ndipo rafiki zangu wanapotaka kujua.

Wiki ya nne nilifika na kadhia ndogo. Nilikuwa nimemwandikia rafiki yangu wa siku nyingi ujumbe, akausoma, hakujibu. Siku mbili. Nilipoulizwa nilijibu kwamba si kitu. Mama akasema, "Kama si kitu, tukitazame, hakitatuchukua muda." Kilichukua kikao kizima, dakika hamsini.

Aliniomba nirudi kwenye dakika ile niliyoona kwamba ujumbe umesomwa. Nilikuwa nimekaa wapi? Ukingoni mwa kitanda. Kitu gani kilipita akilini? Nikasema niliumia. "Hiyo ni hisia. Kabla yake, maneno yalikuwa yapi?" Nilitafuta muda mrefu sana. Yalikuwa: amenichoka. Nikayaandika. Nikaulizwa nimeyaamini kwa kiasi gani, nikasema asilimia tisini. Nikaulizwa nilifanya nini baada ya hapo. Nilizima simu, nikalala na nguo zangu, na kesho yake sikumjibu mtu mwingine yeyote, wakiwemo watatu walionitafuta wenyewe.

Mtu mwingine yeyote angeniambia hapo hapo: ah, rafiki yako anakupenda, atakuwa ametingwa na shughuli. Wengi walishaniambia maneno ya aina hiyo. Yeye hakusema. Aliuliza tu ni ushahidi gani ninao kwamba amenichoka, na akasubiri nimalize upande huo kwa haki, wala hakunikatiza. Kisha akauliza kama kuna ushahidi wa upande wa pili. Nilikumbuka kwamba mwezi uliopita mtu huyohuyo alinipigia mara mbili sikupokea. Nilikumbuka kwamba yeye hujibu ujumbe wa watu wote kwa kuchelewa, na nimekuwa nikimlalamikia hivyo kwa miaka kumi. Mambo hayo niliyajua. Nilikuwa nayo kichwani muda wote, lakini wakati ule pale kitandani yalikuwa hayafikiki, kama vitu vilivyo kwenye chumba kilichofungwa.

"Kwa hiyo hajanichoka," nikasema.

"Sijui," akajibu. "Wewe pia hujui. Tungejuaje?"

Zoezi la wiki lilikuwa kumuuliza. Nilimuuliza. Alikuwa ameuona ujumbe wakati mtoto wake ana homa, akasahau, na aliponyamaziwa na mimi naye akahisi kwamba nimemkasirikia. Tulikuwa tumekaa kila mtu upande wake, kila mmoja anaamini ameachwa.

Nimekieleza kikao hiki kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Faraja ya watu hunipa hitimisho lao. Pale nilifundishwa njia ya kufika kwenye hitimisho langu, na njia hiyo naweza kuipita tena peke yangu saa tisa usiku wakati hakuna mtu wa kunifariji. Wala si kuwaza mazuri. Kuna wiki ambayo wazo langu tulilipima tukakuta ni la kweli: kazi niliyokuwa nimeifanya ilikuwa mbovu na bosi alikuwa na haki ya kulalamika. Tukaacha kulipima, tukapanga jinsi ya kuirekebisha.

Jambo la pili lilikuwa la mwili zaidi kuliko la akili. Nilikuwa nasubiri hamu irudi ndipo nianze kuishi. Mama akaniambia kwamba kwenye sonona mpangilio umepinduka: kitendo hutangulia, hamu hufuata, na mara nyingi huchelewa. Nilipewa karatasi yenye saa za siku, niandike nimefanya nini na hali yangu ilikuwaje kuanzia 0 hadi 10. Nilidhani wiki nzima ingekuwa sifuri. Haikuwa. Kulikuwa na 4 siku ya Jumanne saa kumi na moja jioni, nilipokuwa nimemsaidia jirani kubeba kabati. Na kumbe saa mbaya kuliko zote, ile niliyoulizwa siku ya kwanza, ilikuwa asubuhi kati ya kuamka na kutoka kitandani. Kwa hiyo tulianzia hapo. Miguu sakafuni ndani ya dakika tano baada ya kuamka, kisha dakika kumi za kutembea nje, niwe na hamu nisiwe nayo. Siku tatu za kwanza sikuona tofauti yoyote. Niliandika 1, 1, 2. Wiki ya tatu ya zoezi hilo ndipo nilipojikuta nimepitiliza zile dakika kumi bila kukusudia.

Baadaye nilisoma kwamba hili limepimwa. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti walimotenganisha vipengele vya tiba ya Beck, wakakuta kwamba wagonjwa waliofanyiwa sehemu ya kuamsha vitendo peke yake walipata nafuu karibu sawa na waliofanyiwa tiba nzima. Wapo wanaolisoma hilo kama pigo kwa kazi ya mawazo. Mimi nilihitaji vyote viwili na sioni sababu ya kuchagua, lakini kwa mtu ambaye akili yake imechoka kiasi cha kutoweza kuchambua chochote, ni habari njema kwamba anaweza kuanzia miguuni.

Kikao cha sita nilitaka kuacha. Hali yangu ilikuwa imeshuka badala ya kupanda. Kuyatazama mambo niliyokuwa nimeyakwepa kulikuwa kunaniumiza, na zaidi ya hapo, wiki iliyotangulia mama alitazama saa wakati nilikuwa katikati ya jambo zito. Nilipanga kutokwenda tena na kutosema sababu, kama nilivyofanya kwa yule wa kwanza. Dada yangu akaniomba niende mara moja tu, niseme.

Nikasema. Sauti yangu ilitetemeka. Nilitarajia ajitetee. Akasema, "Ni kweli niliangalia saa, na niliangalia vibaya. Pole. Asante kwa kuniambia, maana ungeweza kunyamaza ukaondoka." Kisha tukakaa muda mrefu juu ya swali moja: nilifikiri kitu gani alipoitazama ile saa? Jibu lilikuwa lilelile. Namchosha. Ni mzigo.

Watafiti wa tiba ya mazungumzo wamekuwa wakirudia kwa miongo mingi kwamba uhusiano kati ya mtoa tiba na anayetibiwa, kukubaliana wanaelekea wapi na kuaminiana njiani, unaenda sambamba na matokeo bila kujali aina ya tiba inayotumika. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameandika mwaka 1957 juu ya mambo ambayo mtoa tiba lazima awe nayo: amwelewe mtu kutoka ndani ya hali yake, amkubali bila masharti, na awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo. Sikuyajua majina hayo siku ile. Nilichojua ni kwamba nimemlaumu mtu uso kwa uso na hajaniacha.

Hapo ndipo lilipofumbuka lile tulilokuwa tunalizunguka. Kabla sijaanza tiba niliogopa kwamba kuna siri nzito ya utotoni itakayofukuliwa, na nusu yangu ilikuwa inaitamani, angalau niwe na sababu. Haikuwapo. Kilichokuwapo ni sheria ambayo nimeishi nayo tangu zamani bila kuitamka: ukiwa mzigo, utaachwa. Mtu mwenye sheria hiyo haombi msaada. Akiumwa hujificha, akijificha hubaki peke yake, na akibaki peke yake husema, umeona? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha ugonjwa, nikaukuza.

Kuna swali jingine lazima nilitaje, kwa sababu huenda linamzuia mtu. Katika kikao cha kwanza kabisa mama aliniuliza, bila kuzunguka, kama nimekuwa na mawazo ya kufa au ya kujiua. Nilishtuka. Nikasema ndiyo, kwamba kuna usiku natamani nisiamke. Aliuliza zaidi, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza maumivu yapo upande gani wa tumbo. Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watampanda mtu wazo hilo. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakupandi wazo, na kwangu kulitua mzigo. Alinieleza pia kwamba tunayozungumza yatabaki kati yetu isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Tuliandika nitamwita nani usiku wa namna hiyo ukija. Kama wewe unayesoma upo mahali hapo leo, usisubiri miadi wala usimalize makala hii kwanza. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au nenda kituo cha afya cha karibu.

Dawa? Nilizitumia. Mama si daktari na hakuwa na ruhusa ya kuandika dawa. Alinituma kwa daktari wa magonjwa ya akili, na kwa miezi kadhaa nilikuwa na wote wawili. Kwa sonona kali, tafiti nyingi zinaonyesha kuwa dawa pamoja na mazungumzo hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Sipendi mjadala wa kipi bora, kana kwamba mtu anachagua timu ya kushangilia. Kuna matokeo ya mwaka 2005 ambayo hata hivyo nayafikiria mara kwa mara. Steven Hollon na wenzake walifuatilia watu waliopata nafuu, kwa mwaka mmoja baada ya matibabu. Kati ya waliotibiwa kwa dawa kisha dawa zikasitishwa, asilimia 76 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya waliomaliza tiba ya utambuzi, ile ya Beck, asilimia 31. Walioendelea kunywa dawa mwaka mzima walikuwa katikati, asilimia 47. Kinachojifunzwa pale kwenye kiti huonekana kubaki na mtu. (Mimi dawa niliziacha polepole chini ya uangalizi wa daktari. Usiache zako kwa sababu ya aya hii.)

Na tiba hii haiponyi kila mtu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wa tafiti nyingi zilizokusanywa na Pim Cuijpers na wenzake, ulikuta kwamba katika kipindi cha miezi miwili hivi, asilimia 41 ya waliopata tiba ya mazungumzo walipungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Kwa waliopata huduma za kawaida tu ilikuwa asilimia 17. Tofauti hiyo ni kubwa, na bado zaidi ya nusu hawakufika hapo ndani ya muda huo. Naona ni lazima watu waambiwe hivyo kabla hawajaanza, ili asiyepata nafuu mara ya kwanza asijihukumu kama nilivyojihukumu mimi. Kuna njia nyingine, kuna watu wengine, kuna muda zaidi.

Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, ya watu wenye makochi marefu. Nilimjibu kwa Rakai na Masaka. Ni wilaya za kusini mwa Uganda, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walichagua vijiji 30. Katika baadhi yake, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Waliotoa tiba walikuwa wenyeji wa eneo hilo waliopewa mafunzo ya wiki mbili, wala hawakuwa wanasaikolojia. Walitumia tiba ya mahusiano, iliyotungwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ambayo huuliza ugonjwa ulianza wakati kitu gani kinatokea kati yako na watu: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, au upweke. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona kamili. Baada ya kumaliza walibaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi ilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7, maana watu wengine hupona kwa muda. Linganisha mwenyewe.

Na huko Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi yanayomwelemea, alitafutie hatua. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watu 573 katika zahanati 24: miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona upande wa mabenchi walikuwa karibu asilimia 14, upande wa waliopata huduma za kawaida zilizoboreshwa karibu 50. Kinachonigusa katika mifano hii miwili ni kwamba waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Kumbe kusikiliza bila kukimbilia kushauri ni ujuzi unaofundishika, hata kwa sisi ambao mtu akitueleza jambo ulimi unakimbilia "fanya hivi". Tangu niliposoma habari zao nimekuwa nikijizoeza. Dada yangu akinieleza jambo namuuliza swali moja kabla ya kusema lolote. Ni vigumu mno.

Nilimaliza vikao kumi na sita, kisha vitatu vya mbali mbali. Alama zangu kwenye dodoso zilishuka hadi 9, zikapanda hadi 13 baada ya wiki moja mbaya, zikashuka hadi 4. Kikao cha mwisho kabisa tuliandika ukurasa mmoja wa dalili zangu za mwanzo, zile za kwangu mimi, kabla ya zile ambazo daktari angeziona. Naacha kusikiliza ujumbe wa sauti. Nasema "niko sawa" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nahamishia kila kitu kesho. Chini yake tuliandika: mbili zikikutana, mwambie dada siku hiyohiyo, usisubiri kuwa na uhakika.

Wiki tatu zilizopita nilitazama simu nikaona ujumbe wa sauti saba ambao sijaufungua. Siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimemwambia mwenzangu kazini niko sawa, na sikumbuki alikuwa anauliza nini. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, pale pale pa siku zote, na wazo lilikuja kama linavyokuja: ana mambo yake, usimtwishe. Nililisikia likipita. Nikampigia.

"Nimeanza kujifungia," nikamwambia. "Nakuja kukaa kwako jioni."

"Njoo, mdogo wangu," akasema, kisha akanyamaza, na nilimsikia akijizuia asiniambie la kufanya. "Umeanza lini kuona?"

Nikavaa viatu. Ujumbe wa kwanza kati ya ile saba niliufungua nikiwa njiani.